Dawa Moja, Majina Mengi: Historia ya Majina ya Bidhaa katika Njia ya Misafara ya Tabora, kuanzia Shanga hadi Dawa za Sonona

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa kisukari anayeishi Tabora anaweza kuandikiwa amitriptilini katika kliniki moja kwa ajili ya maumivu ya neva za miguu, kisha akaandikiwa dawa hiyohiyo katika kliniki ya afya ya akili kwa ajili ya sonona. Iwapo paketi ya kwanza ina jina la jumla la dawa na ya pili ina jina la kibiashara lililochapwa kwa herufi kubwa, mgonjwa huyo hana namna ya kutambua kwamba anameza kitu kimoja mara mbili. Hatari yake si ndogo, kwa kuwa amitriptilini ikizidi kipimo huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Hali ya kinyume nayo huweza kutokea: mgonjwa aliyezoea jina fulani hupewa paketi yenye jina jingine, akadhani amebadilishiwa tiba, akaiacha kabla ya kupita wiki ambazo dawa za aina hii huhitaji ili zianze kumsaidia.

Swali la kwa nini dawa moja ya sonona huuzwa kwa majina mengi hujibiwa zaidi na wafamasia na wanasheria. Wafamasia hueleza tofauti ya jina la jumla na jina la kibiashara, nao wanasheria hueleza hataza na alama za biashara. Majibu hayo ni sahihi, lakini hayaelezi jinsi majina hayo yanavyopokewa katika jamii iliyo mbali na viwanda, ambayo kwa zaidi ya karne moja na nusu imekuwa ikipokea bidhaa za ng'ambo kupitia mikono mingi. Tabora ni mahali panapofaa kuchunguzwa kwa sababu hiyo. Mji huo ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani kwenda Ujiji, na pia kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hata jina lake halikuwa moja: Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika hapo Novemba 1857, waliuandika mji huo kwa jina la Kazeh, ilhali wasafiri wengine waliutaja kwa jina la himaya yake, yaani Unyanyembe.

Makala haya yanadai kwamba wingi wa majina si jambo geni katika njia hii, na kwamba wingi huo peke yake haukuwa tatizo. Kilichobadilika ni mambo mawili: nani anatoa jina, na nani anashika ujuzi wa kuyaunganisha majina ya kitu kimoja. Mabadiliko hayo yanafuatiliwa katika hatua nne: shanga na nguo za misafara, dawa za homa za karne ya 19, dawa ya malale baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hatimaye dawa za sonona.

2.0 Majina ya Wanunuzi: Shanga na Merikani

Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860, Burton alikadiria kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 za shanga katika biashara ya bara, na akaeleza kuwa baadhi yake zilikuwa na majina matatu au manne kila moja. Shanga nyekundu iliyopendwa kuliko zote iliitwa samesame, lakini pia iliitwa kimara-pamba, jina alilolifasiri kuwa ni kitu kinachomaliza chakula, kwa kuwa watu walikuwa tayari kutoa chakula chao ili waipate. Jina lake jingine lilikuwa kifungamji, ambalo kwa maelezo yake lilihusu miji iliyovunjika kwa sababu ya wanawake waliopagawa na shanga hizo. Majina yote matatu yalitaja kitu kimoja kilichotengenezwa Ulaya, na hakuna hata moja lililotungwa na mtengenezaji. Yalitoka kwa wachuuzi, wapagazi na wanunuzi, na yalieleza athari ya shanga kwa watu wanaoitumia.

Ujuzi wa majina hayo ulikuwa sehemu ya mtaji. Henry Morton Stanley, aliyefunga mizigo yake Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1871, alilazimika kujifunza kwa wafanyabiashara wazoefu kwamba samesame ingepokewa Unyamwezi mahali ambapo shanga nyingine zingekataliwa, kwamba shanga nyeusi zilizoitwa bubu zilikuwa fedha Ugogo lakini hazikuwa na thamani kwingine, na kwamba sungomaji zilihitajika Ujiji. Msafiri aliyekosea jina alibeba mzigo usionunua hata chakula cha siku moja. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonesha kwamba misafara iliendeshwa na watu wenye utaalamu wa kazi yao, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele. Inafaa kuongeza kwamba ujuzi wa majina ya bidhaa ulikuwa sehemu ya utaalamu huo. Mtu aliyejua kuwa kifungamji na samesame ni shanga ileile hakuweza kuuziwa kwa bei mbili.

Nguo ya merikani inaonesha upande mwingine wa jambo hili. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar nguo za pamba zisizopaushwa, nazo zikapewa jina la nchi zilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, vilipunguza sana ugavi wake. Nguo za Uingereza zikajaribu kuziba pengo, na kufikia miaka ya 1880 viwanda vya Bombay vilikuwa vimechukua sehemu kubwa ya soko hilo. Jeremy Prestholdt, katika kazi yake ya mwaka 2008, anaonesha jinsi matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyowalazimisha watengenezaji wa mbali kuiga ubora walioutaka. Hata hivyo, jina halikuhama na mtengenezaji. Nguo iliyofumwa Bombay iliendelea kuitwa merikani. Jina la asili ya bidhaa lilikuwa limegeuka jina la aina ya bidhaa, na hapakuwa na mtu wa Massachusetts aliyeweza kwenda mahakamani kulidai.

Kwa hiyo katika hatua ya kwanza majina yaliongezeka kutoka chini. Yalikuwa mali ya wanaoyatumia, na ujuzi wa kuyaunganisha ulishikwa na madalali, wakalimani na wapagazi, watu ambao mnunuzi aliweza kuwaona na kuwauliza.

3.0 Majina ya Wenye Mali: Dawa za Homa

Dawa zilipita njia hiyohiyo lakini kwa kanuni tofauti. Kwinini ilitenganishwa kutoka magome ya mti wa sinkona mwaka 1820 na wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou. Katikati ya karne hiyo msafiri wa Ulaya aliweza kuinunua kwa jina lake, au kuinunua bila kujua ndani ya matone ya Warburg, dawa ya homa ambayo viambato vyake vilikuwa siri ya mwenyewe hadi mwaka 1875, ilipobainika hadharani kwamba kwinini ilikuwa kiungo chake kikuu. Jina la Warburg halikueleza kilichomo wala athari yake. Lilimtaja mwenye siri.

David Livingstone, aliyepoteza sanduku lake la dawa mwaka 1867 na baadaye kukaa Kwihara karibu na Tabora kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alikuwa amebuni mchanganyiko wake wa kutibu homa uliokuwa na kwinini, kalomeli, rubabu na jalapa. Baada ya kifo chake kampuni ya Burroughs Wellcome ya London iliuza vidonge vya mchanganyiko huo kwa kutumia jina la Livingstone. Kampuni hiyohiyo ilisajili neno Tabloid kuwa alama yake ya biashara mwaka 1884, ikaandaa masanduku ya dawa kwa ajili ya wasafiri, na ilipoona neno hilo linaanza kutumiwa na watu kama nomino ya kawaida ikaenda mahakamani. Mwaka 1903 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba neno hilo lilikuwa bado mali ya kampuni.

Uamuzi huo unapaswa kulinganishwa na historia ya merikani. Katika njia ya misafara, jina liliposambaa likawa la wote. Katika sheria ya alama za biashara, kusambaa kwa jina ni hasara ambayo mwenye jina ana haki ya kuizuia. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa wingi wa majina ya dawa wa sasa: kampuni ya pili inayotengeneza dawa ileile hairuhusiwi kutumia jina ambalo watu wamekwisha kulizoea, hivyo hulazimika kutunga lake.

Hata hivyo, haki hiyo ilitegemea dola. Aspirin ilikuwa alama ya kampuni ya Bayer ya Ujerumani tangu mwaka 1899. Vita vilipozuka, serikali ya Uingereza iliifuta alama hiyo mwaka 1915, na neno hilo likawa huru nchini humo, ilhali Ujerumani limebaki mali ya Bayer. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Ubelgiji yaliitwaa Tabora kutoka kwa Wajerumani, na baadaye mji ukawa chini ya utawala wa Waingereza. Vita vilevile vilivyobadilisha bendera juu ya boma la Tabora vilibadilisha pia umiliki wa jina la kidonge. Kiswahili kimeipokea aspirini kama nomino ya kawaida, sawa na merikani.

4.0 Germanin: Majina ya Mataifa

Kisa kinachoonesha kwa uwazi zaidi siasa za majina katika magharibi ya Tanganyika ni cha dawa ya malale. Katika miaka ya 1920 malale yalienea katika wilaya za magharibi, na serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vya pamoja vilivyofyekwa misitu ili kuwaepusha na mbung'o. Wakati huohuo ilikuwapo dawa mpya ya sindano. Bayer iliitengeneza na kuiita Bayer 205, ikiificha fomula yake. Msafara wa daktari Mjerumani Friedrich Karl Kleine uliijaribu katika Rhodesia ya Kaskazini na Kongo kati ya mwaka 1921 na 1923, na kampuni ikaipa jina la kibiashara la Germanin.

Jina hilo lilitungwa na taifa lililokuwa limenyang'anywa makoloni yake, na lilikusudiwa kukumbusha kila aliyelitamka kwamba tiba ya Afrika ilitoka Ujerumani. Wafaransa walijibu kwa kemia na kwa jina. Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur alizichambua hataza za Wajerumani, akaitambua fomula na kuichapisha mwaka 1924, na dawa ileile ikaitwa Fourneau 309, kisha ikauzwa Ufaransa kwa jina la Moranyl. Waingereza waliiuza kwa jina la Antrypol, na Wamarekani kwa jina la Naphuride. Jina lake la jumla ni suramini.

Kwa hiyo molekuli moja ilikuwa na majina yasiyopungua sita, na kila jina lilikuwa na bendera yake. Mgonjwa wa malale katika kijiji cha pamoja hakuhusika katika ushindani huo. Kwake ilikuwa sindano. Lakini daktari aliyesoma ripoti ya Kijerumani, ya Kifaransa na ya Kiingereza alipaswa kwanza kujua kwamba zote zilizungumzia kitu kimoja kabla ya kuzilinganisha. Ujuzi wa kuunganisha majina ulikuwa umetoka kwa dalali wa njiani na kuingia katika vitabu vya wataalamu.

5.0 Dawa za Sonona: Molekuli Moja, Wenye Majina Wengi

Mtaalamu wa magonjwa ya akili Roland Kuhn alichapisha mwaka 1957 taarifa kuhusu athari ya imipramini kwa wagonjwa wake wa sonona huko Münsterlingen, Uswisi. Kampuni ya Geigy iliingiza dawa hiyo sokoni kwa jina la Tofranil. Amitriptilini ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na historia yake inajibu moja kwa moja swali la makala haya. Kampuni tatu, Merck ya Marekani, Roche ya Uswisi na Lundbeck ya Denmark, ziliifanyia kazi molekuli hiyo kwa wakati mmoja. Merck iliiuza Marekani kwa jina la Elavil na katika nchi nyingine kwa jina la Tryptizol, Roche ikaiita Laroxyl, na Lundbeck ikaiita Saroten. Wingi wa majina ulizaliwa pamoja na dawa yenyewe.

Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987, inaonesha sababu nyingine tatu. Ya kwanza ni mipaka ya sheria. Alama ya biashara husajiliwa nchi kwa nchi, hivyo kampuni moja inaweza kulazimika au kuchagua kutumia majina tofauti. Eli Lilly iliiuza dawa hiyo kwa jina la Prozac katika nchi nyingi, lakini kwa jina la Fluctin Ujerumani na Fontex katika nchi za Skandinavia. Ya pili ni matumizi. Mwaka 2000 kampuni hiyohiyo ilianza kuuza fluoksetini Marekani kwa jina la Sarafem kwa wanawake wanaosumbuliwa na mfadhaiko mkali kabla ya hedhi, ili dawa isibebe jina ambalo umma ulikuwa umelihusisha na sonona. Ya tatu ni kwisha kwa hataza. Ulinzi huo ulipokoma Marekani mwaka 2001, watengenezaji wengine waliruhusiwa kuizalisha molekuli, lakini hawakuruhusiwa kulitumia jina la Prozac. Hataza hufa. Alama ya biashara, ikilipiwa na kutumiwa, huendelea kuishi.

Kwa Tabora ipo sababu ya nne, nayo inatoka India. Sheria ya Hataza ya India ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa tu, haikulinda dawa yenyewe, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 2005. Viwanda vya India viliweza kutengeneza molekuli zilizobuniwa Ulaya na Marekani kwa njia nyingine, kuziuza kwa bei nafuu na kuzipa majina yao. Sehemu kubwa ya dawa zinazotumika Tanzania hutoka huko. Njia hii inafanana na ile ya merikani ya Bombay, isipokuwa katika jambo moja: nguo ya Bombay iliruhusiwa kurithi jina lililozoeleka, ilhali kidonge cha India kinapaswa kuja na jina jipya au kutumia jina la jumla.

6.0 Jina la Umma na Mipaka Yake

Jina la jumla ni jaribio la kujenga aina ya tatu ya jina, lisilotungwa na wanunuzi wala kumilikiwa na wauzaji. Shirika la Afya Duniani lilianzisha utaratibu wa majina hayo kwa azimio la mwaka 1950, na ukaanza kufanya kazi mwaka 1953. Majina hayo hutungwa kwa kanuni. Viishio vyake huonesha ukoo wa dawa, na hakuna anayeruhusiwa kuyasajili kuwa mali yake. Orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya shirika hilo, iliyotolewa mwaka 1977, ilikuwa na amitriptilini. Fluoksetini iliongezwa mwaka 2007.

Tanzania ililikubali wazo hilo mapema. Sheria ya Dawa na Sumu ilitungwa mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 mpango wa dawa muhimu, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ulisambaza makasha ya dawa hadi zahanati za vijijini. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na Tabora ni miongoni mwa kanda zake. Usajili wa dawa ulikabidhiwa Mamlaka ya Chakula na Dawa mwaka 2003, ambayo tangu mwaka 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Orodha ya taifa ya dawa muhimu hutumia majina ya jumla, na amitriptilini na fluoksetini zote zimo. Dawa za umma zinazofika Tabora kutoka bohari ya kanda hununuliwa kwa jina la jumla, na hivyo ushindani wa wauzaji huhusu bei na ubora.

Hata hivyo, dawa za umma zikikosekana mgonjwa huelekezwa duka la dawa, na hapo majina ya kibiashara hurudi. Sheria za alama za biashara nazo hazijaunganishwa: Tanzania Bara ina sajili yake chini ya sheria ya mwaka 1986, na Zanzibar ina sajili yake. Jina lililosajiliwa upande mmoja wa Muungano halilindwi kwa usajili huo upande wa pili. Njia ya misafara iliyoanzia Zanzibar bado inavuka mpaka wa majina kabla ya kufika Bagamoyo.

Inaweza kudaiwa kwamba jina la kibiashara lina faida yake, kwa kuwa humfanya mtengenezaji awajibike kwa ubora wa bidhaa yake. Hoja hiyo ina uzito. Mnunuzi wa Unyamwezi aliyeng'ang'ania samesame alikuwa akilinda ubora kwa kutumia jina. Lakini mnunuzi wa shanga aliweza kuitazama, kuishika na kuikataa. Ubora wa kidonge hauonekani kwa macho, na ndiyo maana umewekwa chini ya maabara na mamlaka ya usajili. Palipo na mamlaka inayofanya kazi hiyo, jina la kibiashara haliwezi kuwa dhamana pekee ya mgonjwa.

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika jina la jumla lenyewe. Limetungwa kwa ajili ya waandishi wa orodha na vyeti. Ni refu, halina maana kwa msemaji wa Kiswahili au Kinyamwezi, na kwenye paketi nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Pale ambapo umma umepata jina unaloweza kulitamka, umelitumia bila shida: dawa ya malaria yenye viambato viwili inajulikana nchini kote kama mseto, jina la Kiswahili linaloeleza kilichomo. Dawa za sonona hazijapata bahati hiyo, na aibu inayozunguka ugonjwa wenyewe huzuia zisitajwe barazani, mahali ambapo majina ya umma hutungwa.

7.0 Hitimisho

Dawa moja ya sonona huuzwa kwa majina mengi kwa sababu jina la kibiashara ni mali inayolindwa na sheria ya kila nchi, hubaki baada ya hataza kwisha, na hugawanywa kulingana na soko na matumizi. Historia ya njia ya Tabora inaongeza kwamba watu wa njia hiyo waliwahi kuishi na bidhaa zenye majina matatu na manne bila kupotea, kwa sababu majina yalikuwa yao na wajuzi wa kuyaunganisha walikuwa karibu. Tangu karne ya 19 majina yamehamia kwa wenye mali, na ujuzi wa kuyaunganisha umehamia katika orodha ambazo mgonjwa hazioni.

Yapo mambo matatu yanayoweza kurudisha ujuzi huo karibu na mgonjwa. Jina la jumla lichapwe kwa herufi kubwa kuliko jina la kibiashara na liandikwe kwa tahajia ya Kiswahili. Kila mgonjwa awe na daftari moja ambamo dawa zote huandikwa kwa jina la jumla, kliniki yoyote aendayo. Na muuzaji wa dawa anayetoa paketi yenye jina jipya aseme wazi kwamba ni dawa ileile, au kwamba siyo. Dalali wa samesame alikuwa akiifanya kazi hiyo ya tatu mwaka 1857, wakati kosa lake lingemgharimu mteja mzigo wa shanga. Kwa mgonjwa wa amitriptilini kosa hilo linaweza kumgharimu uhai.